Mikanda Niliyompelekea Mama Anande

Sababu ya safari yangu ilikuwa picha. Niliporudi kutoka Norwei na stashahada ya ufundi wa majokofu, ya kwanza katika mtaa wetu wa Ngarenaro na, kwa kadiri nijuavyo, ya kwanza katika ukoo wetu wote hadi Machame, nilimpelekea Mama Anande zawadi ya heshima. Ilikuwa picha yangu mwenyewe, ndani ya fremu ya kioo, nimesimama juu ya mlima wa theluji na mbao za kutelezea miguuni. Anande ndiye binti niliyetaka kumwoa, na baba yake alishakubali. Picha ilirudi imefungwa kwenye kanga, pamoja na ujumbe kwamba mama hatoi binti yake kwa mtu anayejirusha milimani kwa hiari yake mwenyewe. Siku moja ataruka asirudi, na mjane atarudishwa kwa mama yake.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi sikusomea kukata tamaa. Nilikwenda Ulaya na sweta moja, nikarudi na televisheni ya rangi, deki ya video na jenereta ndogo, vyote kwa jasho langu. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, madukani vitu vimejaa, lakini kituo cha televisheni Bara hakukuwa nacho. Aliyetaka kuona picha zikitembea alihitaji deki, na alihitaji mtu wa kumweleza kinachosemwa. Mimi nilikuwa na deki, na maelezo nilikuwa nayo ya kutosha.

Nilikuwa pia na mikanda ambayo hakuna mwingine mjini aliyekuwa nayo. Wenzangu walileta mikanda ya ngumi na bunduki. Mimi niliiletea nchi yangu mikanda ya watu wanaoshindana na milima, mawimbi na hewa. Nikaamua kumpelekea mama huyu, aone kwamba watu hawa wana mafunzo na vifaa, na kwamba jioni wanarudi nyumbani kula.

Kutoka Ngarenaro nilianza kwa kwenda upande usio wangu, magharibi, hadi Kisongo. Huko ndiko anakoishi rafiki yangu Loi, Mwarusha mwenye pikapu na ulimi mkali. Nilihitaji gari lake. Nilitaka pia kuijaribu mikanda kwa watu wasionidai chochote.

"Injinia wa barafu," Loi alinipokea, "yaani umekuja na umeme wako mwenyewe?"

"Kwenu upo?"

"Haupo. Lakini kiburi kama chako hakipo pia, na tunaishi."

Kisongo kulikuwa na vumbi na upepo. Tuliiweka televisheni ndani ya nyumba ya baba yake Loi, tukaziba dirisha kwa blanketi, jenereta ikanguruma nje karibu na zizi mpaka ndama wakahamishwa. Niliweka mkanda wa theluji, ambao hadi leo nampendekezea kila mtu mwenye macho. Mwanamume anashuka mlima mzima kwa mbao mbili, anapita katikati ya miti, anaruka mwamba, theluji inatimka nyuma yake kama unga kinuni. Nikaeleza mwendo wake, ukali wa baridi, na jinsi mbao zinavyopakwa nta.

Bibi yake Loi, ambaye kila mtu pale alimwita koko, alitazama kimya huku akitikisa mguu. Kisha akauliza kwa Kimaa, Loi akatafsiri: "Koko anauliza, huyu anamkimbia nani?"

"Hamkimbii mtu."

"Basi ng'ombe wake wako chini?"

"Hana ng'ombe, koko."

Koko akaguna kwa huruma, akasema neno moja, nyumba nzima ikaangua kicheko. "Anasema maskini," Loi alinieleza akijifuta machozi. "Na anasema ukirudi huko umpelekee salamu."

Niliondoka Kisongo nimeridhika. Mtu akitumiwa salamu ameshapendwa. Tulifunga mizigo nyuma ya pikapu, na kwa kuwa televisheni ilikuwa inachezacheza mahali pake, Loi akachukua mkanda mmoja niliokuwa siutumii, akausokomeza ubavuni ili kuishikilia.

Maji ya Chai tulifika soko likiwa limechangamka. Tulisimama kwenye mgahawa kupoza injini, na mwenye mgahawa, baada ya kusikia nina nini garini, alinibembeleza mpaka nikakubali kuonyesha kidogo. Niliweka mkanda wa miavuli. Kama hujawahi kutazama mkanda wa namna hiyo, hujui moyo wako una nguvu kiasi gani. Mwanamume anasimama kwenye mlango wa ndege, chini yake mashamba yanaonekana kama viraka vya suruali, halafu anaachia tu. Anaogelea hewani muda mrefu kabla mwavuli haujafunguka. Basi lililokuwa linakwenda Moshi lilisimama kuchukua abiria, badala yake likapoteza abiria. Utingo aliwaita kwa majina ya wanyama mbalimbali, wao wako mlangoni pa mgahawa, shingo zimenyooka.

"Dereva! Dereva yuko wapi?" utingo alipiga kelele.

"Nyamaza, hajatua bado!" dereva akajibu kutoka mstari wa mbele.

Alipotua, watu walipiga makofi kama vile ni wao waliompokea. Nilipanda garini nikijua kwamba Mama Anande amekwisha.

Kutoka Maji ya Chai tuliiacha lami, tukapanda kwenye udongo mwekundu, migomba na kahawa pande zote, Mlima Meru mbele yetu umejifunika wingu mabegani. Nyumba ya kina Anande iko juu, ya mbao na bati, ua umefagiwa kwa mistari. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Baba yake, Mzee Ndetaulwa, mzee wa kanisa, alikuwa bado na suti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sinema imefika salama?"

"Imefika, baba."

"Iingie kwanza, tutasalimiana baadaye."

Hapa ni lazima nieleze jambo kwa wasomaji wa mbali. Kwa watu wa kule, mama mkwe na mwanamume anayeoa binti yake hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni. Ni heshima, na ilianza kushikwa tangu posa ilipopelekwa. Kwa hiyo sisi wote tulikaa sebuleni mbele ya televisheni, na Mama Anande alikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia la maua. Kizingitini, nusu huku nusu kule, alikaa shangazi yake Anande, aliyepewa kazi ya kupeleka na kuleta maneno. Sauti ya mama tuliisikia sote vizuri kabisa, lakini neno lake halikuwa limefika mpaka shangazi aliseme.

Ndipo nikagundua jambo ambalo stashahada haikunitayarishia. Mtu niliyesafiri ili aone hawezi kuona. Mikanda yangu yote angeipata kwa mdomo wangu.

Anande alipita na chai. "Eleza taratibu," alininong'oneza, "na usijisifu sana."

"Nieleze nini sasa?" nikamwuliza, akacheka.

Nilianza na theluji. Nilieleza mwendo, baridi, nta. Mzee Ndetaulwa alifurahi sana. "Theluji hata mlima wetu huu huipata mara mojamoja," alisema. "Hatujaona haja ya kuipandia mbao. Lakini endelea." Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, na shangazi akairudia: "Mama anauliza, huyo amefungwa kamba?"

"Hapana, hakuna kamba."

"Ahaa," ikasema sauti. "Mama anasema ahaa," akasema shangazi.

Nikaweka mkanda wa mawimbi. Huu ni mtamu kwa macho: vijana wamesimama juu ya ubao, bahari inainuka nyuma yao kama ukuta wa ghorofa, wanapita chini ya maji yanayokunjwa bila kulowa nywele. Nilieleza kwa moyo wangu wote.

"Mama anauliza, na huyo? Ana kamba?"

Nilifurahi. "Huyu anayo! Imefungwa mguuni."

"Mwisho wake ameshika nani?"

"Imefungwa kwenye ubao."

"Mama anasema, kwa hiyo amejifunga kwenye kinachoelea."

Wajomba walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Loi, ambaye nilimleta kama rafiki, alicheka kuliko wote. Nikaona hapana, mambo madogo yametosha, nikaweka mkanda wa miavuli uliolishinda basi la Moshi. Nilimfikisha mwanamume mlangoni mwa ndege. Nilimweleza Mama Anande mashamba kama viraka. Nikasema, "Sasa anaachia!" Akaachia. Na hapo hapo vumbi la Kisongo, lililokuwa limelala ndani ya deki likisubiri siku yangu, likafanya kazi yake. Deki ikakoroma, ikaula mkanda, kioo kikajaa chenga.

"Amefika chini?" ikauliza sauti.

"Mama anauliza, amefika chini?"

"Amefika, shangazi. Salama kabisa. Nimeutazama mkanda huu mara nyingi."

"Mama anauliza, humu ndani nani amemwona akifika?"

Loi akainua mkono. "Mimi, shangazi. Nilimwona Maji ya Chai."

Pazia likatikisika kidogo. "Mama anasema rafiki wa mgeni si shahidi."

Mgeni. Tangu nilipofika nilikuwa mgeni: chai ya mgeni, kiti cha mgeni. Nikavuta utepe uliokunjamana kutoka kwenye deki kama matumbo ya kuku. Anande alikuwa amesimama mlangoni, na safari hii hakucheka. Nikaipuliza deki, nikaifuta kwa leso yangu nzuri.

"Ndiyo imekwisha?" akauliza Mzee Ndetaulwa kwa masikitiko.

"Kuna ule niliobania televisheni," akasema Loi.

Sikuupenda mkanda ule. Niliununua pamoja na mingine, na kwangu ulikuwa filamu ya walioshindwa. Wanaume wawili, mmoja mkubwa mwenye ndevu, mwingine mwembamba, wanapanda mlima wa barafu. Hakuna muziki, maneno yenyewe machache. Lakini sikuwa na kingine. Nikauweka, na kwa kuwa sikuwa na la kujivunia ndani yake, nilieleza tu ninachokiona.

"Wanatembea. Mkubwa yuko mbele. Wamefungana kamba moja kiunoni, huyu na huyu."

"Wao kwa wao?" sauti ikauliza, na shangazi alisahau kurudia.

"Wao kwa wao, mama. Mkubwa akipiga hatua, kamba inanyooka, mwembamba anafuata. Sasa wanakaribia juu. Kilele kinaonekana, hakuna wingu. Kamba imekaza. Mkubwa anageuka. Mwembamba amekaa chini. Anatikisa kichwa. Mkubwa anatazama kilele. Anamtazama mwenzake. Anatazama tena kilele. Ana nguvu bado, angefika. Anarudi alikokaa mwenzake, anamwinua, anamfuta barafu kwenye kope. Wanageuka. Wanashuka."

Wajomba waliweka vikombe chini.

"Mama anasema, urudishe," akasema shangazi polepole.

Nilirudisha nyuma mpaka pale mwembamba anapokaa, nikaeleza tena. Mara hii wajomba wenyewe walinisaidia: "Mwambie anavyoiangalia kamba!" "Mwambie ana kisu kiunoni, lakini hakigusi!" Nilikuwa sijawahi kukiona kisu kile.

Mkanda ulifika mwisho. "Mama anamwuliza mgeni," shangazi akasema, "kwa nini yule mkubwa hakuifungua kamba akafika juu?"

Ningeweza kusema lolote. Hakuna aliyejua Kinorwei pale zaidi yangu, na ningemtungia yule mtu hotuba nzuri. Nilimtazama Anande, kisha nikalielekea pazia, macho chini kama inavyotakiwa.

"Mwambie mama, mkanda hausemi. Ningekuwa mimi, ningekasirika njia nzima hadi chini. Ningemsimulia kilele kile maisha yake yote. Lakini kamba nisingeifungua."

Halafu nyuma ya pazia kikaanza kicheko, kidogo, cha puani, kikakua mpaka shangazi naye akaingia nacho, na Mzee Ndetaulwa akavua koti.

"Mama anasema," shangazi alijitahidi, "anasema hilo la kukasirika ndilo limemfanya aamini. Na anasema, mkwe wake apewe loshoro, amesema sana, ana njaa."

Mkwe wake. Nimepokea stashahada ukumbini, mbele ya watu waliovaa majoho, na haikunipata pale liliponipata bakuli lile la mahindi na maziwa mgando. Anande alilileta kwa mikono miwili. "Nilikwambia usijisifu sana," alisema.

Tulirudi Ngarenaro jua likielekea kuzama nyuma ya Kisongo, Loi akiimba, televisheni imebanwa tena kwa mkanda uleule. Nilimwambia autoe, nikaupakata hadi nyumbani.

Watu wengi sasa huniuliza, kama mtu mwenye ujuzi, ni filamu gani za namna hii zinazofaa kutazamwa. Mimi huwajibu: tazameni zote. Theluji itakufurahisha, mawimbi yatakustaajabisha, mwavuli utakusimamishia basi la abiria. Lakini ukipata yenye watu wawili wamefungana kamba, itazame na mama mkwe, naye akiwa nyuma ya pazia, maana kuna vitu huvioni mpaka mtu akulazimishe kuvieleza.

Picha yangu ya mbao za kutelezea iko ukutani kwangu. Bado ni picha nzuri sana. Kwa Mama Anande ilikwenda nyingine, tuliyopiga studio wiki ya ndoa, mimi na suti ya Ulaya, Anande kando yangu amenikamata mkono wa koti. Shangazi alileta jibu mwenyewe hadi Ngarenaro.

"Mama ameitazama sana," alisema. "Anasema Anande amekamata vizuri. Asilegeze."