Tumetoa Ajira Elfu Mbili

Miaka ishirini na mitatu Bi Ushahidi alifundisha watoto hesabu za kujumlisha na kutoa. Alipostaafu, gazeti la mji likamchukua apime maneno ya wanasiasa. Jina hilo alipewa hapo gazetini, maana ukimwambia mvua inanyesha, hutoka nje kwanza akalowa ndipo akubali. Mezani pake palikuwa na mihuri mitatu: Kweli, Si Kweli na Haijathibitika. Huo wa tatu ulikuwa umechakaa kuliko wenzake.

Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nyuzi. Siku aliyokuja kusema ameachishwa kazi, alimkuta dada mtu ameshika gazeti lenye maneno ya Mheshimiwa, mbunge wa mji: "Tumetoa ajira elfu mbili katika kiwanda cha nyuzi."

"Wenzako wanaajiriwa, wewe unaachishwa?" Bi Ushahidi akamuuliza. "Au ulianza tena kuchelewa?"

Mdogo wake akabeba pochi yake, akaondoka bila kumaliza chai. Wiki nzima hakupokea simu. Bi Ushahidi, aliyezoea kugombana naye kila siku juu ya nani kaazima sufuria ya nani, alimkosa mpaka kichwa kikamuuma. Akakata shauri kwamba maneno ya Mheshimiwa atakwenda kuyapima kwa miguu yake mwenyewe.

Karani wa kiwanda, kumbe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, alisimama wima kana kwamba kaitwa ubaoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mwaka jana mlikuwa wafanyakazi wangapi?"

"Elfu mbili na mia sita."

"Na leo?"

"Mia sita tu. Zimeletwa mashine mpya."

"Haya. Elfu mbili na mia sita, kutoa mia sita?"

Karani akatazama dari, vidole vikimcheza. "Elfu mbili, mwalimu."

Bi Ushahidi akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha kicheko kikakatika, maana aliikumbuka ile chai iliyoachwa mezani.

Gazetini akagonga muhuri wa Kweli. Mhariri akaruka kitini.

"Mama, utatuaibisha! Hakuna hata ajira moja mpya!"

"Kasema wametoa. Wametoa kweli, nimehesabu. Anayetaka kujua wametoaje, asome maelezo hapo chini."

Mheshimiwa hakusoma maelezo. Aliona neno Kweli, akaamuru ukurasa mzima ubandikwe kwenye kuta za ofisi zake zote. Watu wakajazana wakausoma hadi mstari wa mwisho. Kufikia alasiri wasaidizi wake walikuwa wakiubandua kwa kucha.

Jioni Bi Ushahidi akabisha hodi kwa mdogo wake. Mlango ukafunguliwa nusu. Mdogo wake alikuwa na gazeti mkononi.

"Mheshimiwa ulimpima," akasema. "Karani ulimhoji. Na yale uliyonirushia mimi, dada, uliyapima?"

Bi Ushahidi akafungua mkoba, akatoa muhuri wa Si Kweli, akajigonga kiganjani, akamwonyesha.

"Nimekukosea, mdogo wangu. Nilimwamini mtu niliyemsoma gazetini, nikakuacha wewe niliyekubeba mgongoni."

Mdogo wake akakitazama kile kiganja, midomo ikimchezacheza.

"Wino haujakolea," akasema, akifungua mlango wote. "Gonga tena."