Wasifu wa Pili wa Yusta

Wasifu wa mke wangu Yusta ulisomwa siku tunamzika. Sikuuandika mimi. Huu nimeuandika mwenyewe, kwa herufi alizonifundisha yeye, usomwe Jumamosi tukiweka msalaba kaburini.

Yusta alizaliwa Berega. Alikuwa mkunga miaka thelathini na minne. Nusu ya watoto wa hapa kwetu Rudewa walipokelewa na mikono yake. Mimi shule sikuiona. Aliponikuta nilikuwa naweka dole gumba. Akanifundisha kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, huku ananicheka, "Melkizedek, hiyo ni herufi au jembe limevunjika mpini?"

Mwezi wa nne mwaka jana aliombwa amsindikize mzazi aliyezidiwa. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Dumila, wakapita Mikumi, wakapanda ndege ndogo kwenda hospitali kubwa. Ndege iligonga mlima. Hakupona mtu.

Siku ya mazishi alikuja afisa aliyetumwa na Serikali, bwana Casmir.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Wasifu wa mama uko tayari?"

Nikamwambia sijaweza kushika kalamu.

"Usihangaike baba. Tumeshakuandikia."

Binti yetu Imani akausoma. Ulisema mama amefariki kwa ajali iliyoletwa na mvua kubwa. Watu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia.

Baada ya miezi saba ripoti ya uchunguzi ikatoka. Wakili wetu wa Kilosa mjini, mama Getrude, akanisomea. Rubani aliuliza mara mbili kama anaweza kushuka. Mwongoza ndege aliyekuwa mnarani, mwajiriwa wa Serikali, akamjibu shuka. Alikuwa anaongea na ndege nyingine, hakutazama huyu yuko wapi. Mlima ulikuwa kwenye ramani mbele yake.

Mvua ilikuwepo, sikatai. Lakini mvua haikumwambia mtu shuka.

Tukaipa Serikali notisi kwamba tunaishtaki. Jibu likaja: familia yenyewe ilitangaza msibani kuwa chanzo ni mvua, na mume alikuwepo, hakupinga. Wameambatisha ule wasifu. Karatasi waliyoandika wao.

Nikamfuata Casmir ofisini.

"Mzee, mimi niliwasaidia tu. Msibani watu wanasaidiana."

"Kuchimba kaburi ni kusaidia. Wewe umeniwekea maneno mdomoni."

"Sasa baba, hata ukishinda, mama atarudi?"

"Harudi. Yule wa mnarani je, amerudi kazini?"

Akaanza kupanga mafaili yake.

Mama Getrude anasema wasifu ule haufuti ripoti, ila jaji ataniuliza kwa nini niliitikia amina. Nitamjibu nilikuwa namzika mke wangu. Kama kwa Serikali hilo ni kosa, waniandikie kosa hilo. La kwao nalo waliandike.

Casmir nimempelekea mwaliko. Nimemwekea kiti mbele. Imani atasoma tena, palepale, watu walewale wakisikia: Yusta alikufa kwa sababu mtumishi wa Serikali alisema shuka mahali penye mlima.

Asiyekubali asiitikie.