Chai ya Mama Mkwe Asubuhi ya Kipimo

Jamani, nawasimulia kwa sababu mmenibana, maana aibu hii nilishaizika, na pale Karatu wapo ambao wakiniona hadi leo wanacheka kwanza ndipo wananisalimia.

Ilikuwa miaka ile ya sukari ya mgawo. Nilikuwa mwalimu wa sayansi (ndiyo, sayansi, chekeni tu), nikawa nachoka ovyo na kiu haikatiki, daktari akaniambia nirudi asubuhi bila kula wala kunywa chochote ila maji, anipime sukari kwenye damu. Basi nikaamka na baridi yetu ile, nikashika njia, na njia inapita mlangoni kwa mama mkwe, naye alishaniona. Akanitolea chai ya rangi yenye sukari ya kusimamisha kijiko, sukari ambayo kijiji kizima alikiambia hana. Mkwe anakupa hazina yake kwa mikono miwili, utamwambia nini? Nikanywa. Akaongeza, nikanywa.

Hospitali sista akaniuliza, "Mwalimu, umefunga?"

"Nimefunga, sista." Nilijiambia chai si chakula.

Majibu yakatoka juu. Daktari akanieleza kwa upole kwamba kongosho hutoa insulini ya kuiamuru sukari iingie mwilini, sasa mwili ukiwa mkaidi hausikii amri, hata mtu akilala na njaa asubuhi sukari unaikuta bado imejaa kwenye damu, ndiyo maana wanataka ufunge. Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Akasema turudie kipimo wiki inayofuata.

Nyumbani mke wangu alilia, akapeleka habari kanisani, wakaniombea kwa machozi, na mimi nimeinamisha kichwa, chai ile naijua peke yangu. Jumatano nikapita njia ya mashambani, nikapimwa, damu safi kabisa. Nilipomwambia mke wangu hakungoja hata nivue koti, akatoka mbio kwa mwinjilisti.

Jumapili nikaitwa mbele nitoe ushuhuda. Nikasema, "Bwana asifiwe," wakaitikia, na kabla sijaendelea akasimama Mama Paulina, jirani yetu, mgonjwa wa sukari wa miaka mingi.

"Mwalimu, na mimi nimeamini! Nilivyosikia umepona, vidonge vyangu nimevitupa chooni tangu Alhamisi!"

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikaona huyu mama atakufa, tena kwa sababu yangu. Nikatazama benchi la mbele, mama mkwe ananitabasamia.

"Mama Paulina, sikuponywa," nikasema. "Sikuwa naumwa. Nilikunywa chai ya sukari kabla ya kipimo, nikamdanganya sista."

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Sukari? Kwa nani?"

Macho yangu yalishajibu kabla ya mdomo, na benchi zima likamgeukia mama mkwe, ambaye wiki hiyohiyo alimnyima mke wa mwinjilisti hata kijiko kimoja cha sukari ya uji wa mtoto. Akajitanda kanga usoni, akatoka. Alikaa miezi mingi bila kuniita mkwe.

Mama Paulina yeye hakunicheka wala kunitukana. Aliketi tu, akaniuliza polepole, "Sasa vidonge nitapata wapi?" Swali hilo liliniumiza kuliko kelele zote. Kesho yake nikampakia kwenye lori la vitunguu mpaka hospitali, anatapika njia nzima, nami nimemshika bega naogopa kufa kwake kuliko nilivyowahi kuogopa kifo changu. Wakamlaza. Alipona, namshukuru Mungu, na safari hii bila utani.

Tangu siku ile mtu wa hospitali akiniuliza swali dogo tu, namweleza yote, hadi muwa niliotafuna juzi, mpaka yeye mwenyewe aniombe ninyamaze.