Nani Amefunua Sufuria?

Sisi tuliokuwa watoto wa Goma mwaka ule volkano ilipoteremka hadi mjini, hatukufundishwa kupika na simu. Nalisema hili kwa hasira kidogo, kwa sababu juzi mtoto wa ndugu yangu aliniuliza, mbele ya wageni, zamani tulikuwa tunajifunzia wapi kutengeneza gato, hizi keki, kama hapakuwa na video. Ananiuliza mimi! Mwenye diploma ya usindikaji wa vyakula, niliyoisomea Ubelgiji mchana huku usiku nikiosha sufuria za watu mgahawani, bila tonton, mjomba yeyote, wa kunifungulia mlango. Nimerudi nyumbani kwa nguvu zangu. Diploma imetundikwa sebuleni, na jikoni nina furu, oveni ya umeme yenye kioo na taa ndani. Hapa mtaani kwetu Himbi nionyeshwe nyingine kama hiyo. Lakini kijana anataka kujua nilijifunzia wapi. Ninyi wa rika langu mtanielewa. Nilijifunzia Katindo, kwenye babula, jiko la makaa, katikati ya watu wasiosikia.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa Virunga, na lava iliimeza yote. Ilipopoa, pale palipokuwa na sebule pakawa na mwamba mweusi uliompita Papa kwa urefu. Tukahamia Katindo, vyumba viwili vya nyuma katika kiwanja cha rafiki yake Papa. Papa alikuwa karani, na wakati ule wa utawala wa waasi ukarani ulikuwa kazi ya kuvaa kravati na kurudi nyumbani mikono mitupu. Koko, mama yake Papa, alikuwa ameokoa kitu kimoja tu katika moto ule: kuku wake mwekundu, aliyembeba kifuani ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Mama aliokoa sufuria mbili, kubwa na ndogo. Solange, mdogo wangu, hakuokoa chochote. Gauni lake jeupe la komunio ya kwanza lilibaki kwenye msumari ukutani, na ukuta wenyewe ukaondoka.

Mnakumbuka majaribio yetu ya wiki zile? Lava ilikuwa bado na joto chini, na kila mtoto wa mji alijiona mpishi. Rafiki yangu Bahati, mtoto wa jirani, alifukia yai katika ufa wa lava, akalichimbua likinuka kiberiti kiasi kwamba hata yeye, ambaye hakuwahi kukataa chakula, alilitazama kwa huzuni. Akalila hata hivyo. Kisha ukaja ule unga wa njano wa msaada. Tukausonga bugali, ukakataa kushikana. Tukaukaanga mandazi, na mandazi yale ukimtupia mbwa alikimbia. Papa aliuma moja, akatafuna muda mrefu, akasema, "Ni muzuri," kwa uso ule ule wa mtu anayetia sahihi karatasi asiyoisoma.

Katika hali hiyo ndipo Solange akaanza kulilia gauni. Alilia asubuhi, akalia jioni. Mama akamweka mapajani.

"Gauni nitaazima kwa mama Chantal," alimwambia. "Viatu pia tutaazima. Lakini gato utapata. Ile itakuwa ya kwako, hapana ya kuazima."

Machozi yakakauka palepale. Tangu siku ile Solange hakutaja gauni tena. Godoro alilolalia lilikuwa la watu, sahani aliyolia ilikuwa ya watu, hata jina la mtaa tuliokaa hakulizoea. Alichokuwa nacho ni gato ambayo haikuwepo bado. Kila asubuhi aliuliza, "Mama, gato yangu iko?" Na Mama alijibu, "Iko," kisha ananigeukia mimi kwa macho ya kusema: fanya kitu.

Kwa nini mimi? Kwa sababu nilikuwa na akili, na nyumbani kwetu walilijua hilo. Nilikuwa napeleka maji jikoni kwa masista wa parokia, na huko niliona furu yao. Watoto wengine walisimama mlangoni wakisubiri kupewa kipande. Mimi niliangalia moto unakaa wapi. Nikarudi nyumbani na mpango wangu kamili. Sufuria kubwa juu ya babula, ndani yake changarawe ya lava, ambayo mjini mwetu ilikuwa ya bure. Juu ya changarawe, sufuria ndogo yenye mchanganyiko wa gato. Kifuniko. Juu ya kifuniko, makala, ndiyo makaa, yanayowaka, ili joto litoke juu na chini. Miaka mingi baadaye profesa wangu alipochora jambo hilo hilo ubaoni, nilinyoosha kidole nikamwambia kwamba mimi nalijua tangu utoto. Hakufurahi, lakini nililijua.

Sharti lilikuwa moja tu: usifunue. Ukifunua, baridi inaingia, gato inashuka katikati. Niliwakusanya wote, nikawaeleza. Wote wakaitikia kwa kichwa.

Mara ya kwanza nilikwenda kuchota maji. Kurudi, Koko ameinama juu ya babula, kifuniko mkononi.

"Koko! Nilisema nini?"

"Mayai ni ya kuku yangu. Niko naangalia yanafanya nini mule ndani."

Nikafunika. Papa akarudi kazini, hata koti hajavua, akafunua kwa kidole na kitambaa. "Mimi ni baba wa nyumba hii," akasema, "siwezi kukaa na kitu kimefunikwa bila kukikagua." Mama naye akachoma katikati kwa njiti ya gurudumu la baiskeli, akaitoa, akailamba. Nilipoipakua, gato ilikuwa na shimo katikati ungeweza kutegea maji ya mvua.

"Nani amefunua sufuria?" nikauliza.

Kila mtu akaangalia pembeni. Solange mwenyewe alikuwa na majivu puani.

Ile ya katikati, lakini, ilikuwa laini na nzito kama uji wa sukari, na ndiyo waliyogombania. Bahati na Solange waliviringishana chini kwa ajili ya kijiko kimoja. Solange alishinda, akala, kisha akakumbuka akaanza kulia. "Hii si gato. Hii ni shimo."

Mara ya pili nikamweka Bahati kuwa mlinzi, nikampa fimbo. Nikageuka kidogo tu kuchambua makala. Nikasikia kifuniko kinalia.

"Bahati!"

"Nilikuwa naangalia kama kuna mutu amefunua."

Niambieni, mtu kama huyo utamfanya nini? Gato ya pili ikashuka kuliko ya kwanza, na ndani yake kaa zima likaanguka. Komunio ilikuwa Jumapili ile, na tayari ilikuwa Ijumaa. Koko akatoa mayai ya mwisho kitengeni mwake, moja moja, kama anatoa meno yake.

"Haya ni ya mwisho," akasema. "Kuku yangu haiko fabriki ya mayai."

Jumamosi nilianza mapema. Sukari tuliyobakiza, margarini ya mwisho, yote ndani. Nikafunika, nikapanga makala juu, nikakaa kwenye kigoda na fimbo yangu. Familia nzima ikakaa kunizunguka, macho kwenye sufuria, kama watu waliokuja kumtazama mgonjwa. Harufu ilipoanza kutoka, Koko akasogeza kigoda chake. Nikainua fimbo. Akakirudisha. Papa akakohoa, akasema labda moto umezidi. Solange alikuwa amekunja mikono chini ya makwapa ili isimponyoke.

Ardhi ikatetemeka. Hilo halikutushangaza, wiki zile ilitetemeka kila siku, tukaendelea kuangalia sufuria. Kisha barabarani tukasikia miguu, miguu mingi, na magodoro yakapita juu ya ukuta yakiwa vichwani mwa watu. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Volkano inakuya! Batu bakimbie!" Askari nao, badala ya kutuliza watu, wakaanza kufyatua risasi hewani.

"Bote inje!" Papa akasema.

Koko akamnyakua kuku. Mama akalikunja lile gauni la mama Chantal, akalitia kifuani. Solange alibaki amesimama mbele ya babula.

"Na gato yangu?"

"Acha gato, tuende!"

"Niibebe!" Akanyoosha mkono kwenye kifuniko.

"Usifunue!" nikapiga kelele. Mji unakimbia, risasi zinalia, mimi nalinda kifuniko. Papa akanipiga kofi la kisogoni, akamnyanyua Solange begani, tukatoka. Bahati alikimbia pembeni yangu akicheka hadi akajikwaa.

Tukashika njia ya Keshero pamoja na mji wote. Watu walilia kwa kuogopa moto. Solange, huko juu begani, alilia kwa sababu nyingine, na alilia jina la kitu hicho waziwazi, mpaka mzee mmoja aliyetembea karibu nasi akamwuliza Mama kwa upole huyo Gato alikuwa nani kwetu, na kama amepatikana.

Jioni waliotangulia wakaanza kurudi. Yalikuwa maneno tu ya watu, mlima ulikuwa umetulia. Tukageuka, miguu imevimba. Kiwanjani nguo za jirani zilikuwa zimechukuliwa kwenye kamba. Babula ilikuwa palepale. Makala yalikuwa yamejifia yenyewe, juu na chini, yamekuwa majivu meupe.

Tukasimama tukaizunguka. Watu wale wale waliofunua wiki nzima, sasa kila mmoja alimsukuma mwenzake.

"Funua, injenieri," Papa akaniambia.

"Solange ndiye afunue," Mama akasema. "Ni yake."

Solange akashika kifuniko kwa pindo la sketi, akafumba macho, nasi tukafumba yetu, akainua. Aliyefumbua kwanza ni Koko, akafanya ishara ya msalaba. Gato ilikuwa imenyanyuka mpaka ikapita mdomo wa sufuria ndogo, rangi ya dhahabu, ukingo mmoja umeungua kidogo tu.

"Kumbe ilikuwa inataka tutoke," Koko akasema.

"Mimi nilijua," akasema Papa.

Jumapili, baada ya misa, Solange hakukubali mtu mwingine abebe sahani. Alipita kwa kila mgeni, ndani ya gauni la watu na viatu vya watu, akisema, "Kamata. Ni yangu." Bahati alikula kipande chake, akaguna. "Iko muzuri. Lakini haina ile ya katikati."

Leo hii niko na furu niliyowaambia. Koko na Papa wamelala makaburini. Mama anaishi kwa Solange, Bujumbura. Bahati alivuka mpaka wa Bunagana katika moja ya vita vilivyofuata, akanipigia simu mara moja, basi. Nyumbani nimebaki na vijana wa ndugu zangu, ambao wakisikia njaa wanamwita motard wa pikipiki awaletee chipsi na mayonezi, wanazipiga picha hadi zinapoa, ndipo wanakula. Nikipika gato, nawaambia: njooni, furu ina kioo, ina taa, mnaweza kuangalia bila hata kufungua. Hawaji. Hata kuangalia kwa kioo ni kazi! Na gato zangu, bila kujisifu, zote zinanyanyuka sawasawa, kila Jumapili, maana hakuna wa kuziharibu.

Jumapili iliyopita nilitia gato ndani, nikaenda kukaa barazani kwa makusudi, nikategea sikio jikoni. Nyumba nzima ilinukia vanila. Hakuna mguu uliosogea.

Nikainuka mimi mwenyewe, kabla ya wakati wake, nikafungua mlango wa furu wote, nikauacha wazi. Ikashuka katikati. Nikachukua kijiko, nikala ile ya katikati, yote, na hakuna aliyeigombania nami.