Mafuta ya Kondoo Yanayeyuka Beni

Niliondoka Butembo kwa sababu ya chumba kimoja. Shangazi yangu, mfanyabiashara wa kakao kule Beni, ana chumba kinachotazama barabara kuu ya Boikene, na nilikuwa nimemsumbua sana anipe nifungue humo malewa, yaani mahali padogo pa kula, pa nyama ya kondoo tu. Mwishowe alichoka na simu zangu.

"Kambale, kuya na kondoo yako," aliniambia. "Siku ya Dimanche nitaita batu. Bakimaliza sahani, chumba iko yako. Bakiacha nyama, unarudia Butembo, unauzisha unités za kupigia telefone kama wenzako."

Niseme ukweli: mimi ni mtu wa wasiwasi. Hakuna aliyenifundisha kupika. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kwa kuunguza sufuria za mama. Kipande cha kitunguu kikiwa kinene kuliko wenzake, nakitoa. Wiki nzima kabla ya safari niliwapikia majirani, na kila mmoja alipotia tonge mdomoni nilimuuliza, "Namna gani? Namna gani?" hadi jirani yetu Mama Furaha akanikemea: "Weye! Acha nitafune kwanza!"

Tatizo langu lilikuwa mafuta. Butembo ni mji ulio juu milimani, kuna baridi. Mafuta ya kondoo hayapendi baridi. Ukikawia kidogo kwa maneno, yanaganda sahanini, yanaganda hata kwenye midomo, na wageni wanaanza kusema kondoo ananuka, heri mbuzi. Ndiyo sababu katika miji yetu mbuzi ni mfalme na kondoo anabaki chakula cha watu wa milimani. Nikatafuta dawa. Niliondoa mafuta yote, mkia, utando, kila cheupe. Nikalowesha nyama katika ndimu, nikaichemsha, nikamwaga maji ya kwanza. Ikatoka safi kama iliyonawa kwenda misa. Nilijivunia kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Jumamosi asubuhi, Butembo. Ukungu ulikuwa bado umelalia paa za mtaa wa Furu. Mwanakondoo wangu, aliyeshuka kutoka milima ya Lubero siku iliyotangulia, alifungwa miguu akalazwa nyuma ya viti vya teksi, juu ya majani. Dereva alimtazama kwa mashaka.

"Abiria huyu atatapika?"

"Hapana, papa. Ni mutu ya amani."

Hatukuwa tumetoka mjini bado, mtu wa amani akaanza kula ukingo wa kitenge cha mama aliyekaa mbele yake. Mama yule aligeuka, akamnyang'anya kitenge, akampa jani la kabichi kutoka kikapuni mwake. Kutoka hapo walikuwa marafiki.

Maboya. Tulisimama kununua maparachichi. Jua lilikuwa limefungua macho, na vilima vya kijani vilishuka mbele yetu kimoja baada ya kingine. Niliuliza mara mbili kama kondoo anapata hewa ya kutosha. Abiria wote walinihakikishia kwamba anapumua vizuri kuliko mimi.

Baada ya Kabasha tulikuta kizuizi. Mwanajeshi mmoja mwenye Kiswahili kilichojaa Lingala aliinama dirishani.

"Petit, nini iko kule nyuma?"

"Kondoo, chef."

"Iko na carte ya kujitambulisha?"

"Ni mutoto, chef. Haijafikisha umri."

Alicheka, akamtazama tena. "Apite. Mais aache kuniangalia vile. Ananiangalia kama bibi yangu mwisho wa mwezi, siku ya mshahara."

Beni. Joto lilinipokea kabla ya shangazi. Kando ya barabara kakao ilikuwa imeanikwa juu ya maturubai, pikipiki zikipita karibu kabisa na mbegu bila kuzikanyaga. Nilivua sweta, nikavua na shati la juu, na bado nikatoka jasho. Shangazi alinikumbatia, akanipeleka moja kwa moja kwenye chumba. Kuta nyeupe, mlango wa bluu, barabara nzima mbele. Nilisimama pale nikapanga meza kichwani. Usingizi wangu ulikatika mara nyingi usiku ule. Nilikuwa nazipanga meza upya.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza. Jirani wa shangazi alitusaidia kuchinja na kuchuna, kisha nikakaa na kisu changu. Niliondoa mafuta kidogo kidogo, nikiyatupa katika beseni pamoja na mkia. Shangazi alisimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Unamuvua kondoo nguo mara mbili?"

"Tantine, niachie. Hii ni mbinu."

"Mbinu," alisema, akafunika beseni kwa sahani ili nzi wasiingie.

Wageni walifika mchana, wakaketi barazani. Wawili ninawakumbuka vizuri. Papa Kasereka, mzee aliyekulia Lubero akachunga kondoo utotoni, kisha akashuka Beni kulima kakao. Na Mwalimu Kabeya, aliyetumwa kufundisha huku kutoka Kasai, ambaye alianza kwa kutangaza kwamba yeye kondoo hapana, ananuka, atakula bugali na sombe ya majani ya muhogo tu. Shangazi alimwekea nyama hata hivyo.

Kabla hawajaonja, wasiwasi ulinisukuma nitoe hotuba. Nikaeleza kwamba nyama ya kondoo inajenga mwili, ina madini ya chuma ya kuongeza damu, ina zinki, ina vitamini B12 inayosaidia neva. Nilikuwa nakaribia kusema juu ya mafuta yake, ambayo mtu asizidishe, ndipo Mwalimu akainua kidole.

"Monsieur, tukule ao tuandike?"

Wakacheka, wakala. Papa Kasereka alitafuna taratibu, akaitazama nyama, akatafuna tena.

"Muzuri," akasema. "Mbuzi hii mulitoa wapi?"

"Papa, ni kondoo."

"Mutoto, nilichunga kondoo mbele baba yako azaliwe. Hii iko mbuzi."

"Donc iko mbuzi!" Mwalimu alishangilia. "Njo maana niko nakula!"

Baraza zima lilicheka, isipokuwa watu wawili: mimi na shangazi. Kwetu, kumwita mtu aje kula kondoo kisha umpe mbuzi ni kumdharau. Ndiyo maana hata sokoni mchinjaji huacha mkia kwenye nyama iliyotundikwa, mnunuzi aone mwenyewe kwamba ni kondoo. Mimi shahidi huyo nilikuwa nimemkata wa kwanza. Papa Kasereka, kwa adabu, alinawa mikono. Sahani yake ilikuwa imebaki nusu. Shangazi aliitazama ile sahani, kisha akanitazama mimi, na nikaona mlango wa bluu ukifungwa.

Niliingia jikoni. Nilitaka tu mahali pa kusimama bila kuonwa. Nikafunua beseni, sijui kwa nini. Labda kuona kazi iliyoniangusha. Mafuta yalikuwa laini, yanang'aa, na upande ulioguswa na jua yalikuwa yameanza kulainika zaidi. Butembo, saa kama hiyo, yangekuwa magumu kama mshumaa. Nikayabonyeza kwa kidole, kikazama. Ndipo nilipoelewa. Mbinu yangu yote ilikuwa vita dhidi ya baridi ya kwetu, na hapa baridi hiyo haikuwepo. Nilikuwa nimefika na sweta chini ya jua la Beni, na nikaivalisha hata nyama.

Sikupima kitu. Nilikatakata mafuta, nikayatupa katika sufuria pamoja na mkia, yakayeyuka yakiimba. Nikaweka vitunguu, vipande vyovyote, pilipili, kisha nikarudisha nyama yote iliyobaki. Harufu ikapanda, ile ile niliyoikimbia muda wote. Nilikunja uso nikisubiri aibu.

Barazani sauti ya Papa Kasereka ilikatiza mazungumzo. "Aa! Sasa amefika!"

"Nani?" mtu akauliza.

"Kondoo!"

Nilileta sufuria ikiwa bado inachemka, mkia juu kabisa. Mzee hakungoja sahani. Alikula, akajipangusa midomo kwa nyuma ya mkono, akaigusa, akasubiri kidogo, akaigusa tena. "Kule kwetu kinywa kingekuwa kimefungwa sasa," alisema kwa furaha ya mtoto. "Hapa ninaweza kukula na kusema." Na kweli alifanya vyote viwili kwa pamoja.

Watu wakamgeukia Mwalimu, aliyekuwa tayari ameshika mfupa.

"Mwalimu, ule si wa mbuzi."

"Nilisema hapana kula kondoo yenye kunuka," alijibu bila kuuachia. "Hii hainuke. Iko na parfum."

Walipoondoka, shangazi alizipindua sahani moja moja. Hakuna kilichoanguka. "Chumba iko yako," alisema. "Mais discours ya vitamini, utaiacha Butembo."

Jumatatu nilirudi kuchukua sufuria zangu. Shangazi alinipa mafuta yaliyosalia katika kopo la maziwa, nikalipakata. Beni yalicheza ndani kama maji. Kabasha yalikuwa mazito. Maboya nilivaa sweta, nayo hayakutikisika tena. Njiani nilikuwa nikijiambia kile nilichojifunza: kwamba nilikuwa nimejibidiisha kumsafisha kondoo hadi akaacha kuwa kondoo, na kwamba kabla ya kuwasha moto ni lazima nijue kwanza niko wapi. Sitadanganya kwamba wasiwasi umekwisha. Nililifungua kopo lile mara nyingi kuona kama liko salama.

Butembo, jioni, mvua nyembamba. Mama alinipokea mlangoni, akalichukua kopo, akafunua kifuniko. Ndani mafuta yalikuwa meupe na magumu.

"Pole, mwanangu," alisema. "Imekufa njiani."

"Weka karibu na makala ya moto, mama," nikamwambia. "Haikukufa. Inasikia baridi tu."