Bastola Chini ya Sukari ya Wakwe

Aibu hii ningependa nife nayo, lakini kwa vile huko Chwele watu wanaisimulia wakitia chumvi (ati nilifyatua risasi mbili hewani, uongo mtupu!), afadhali niiseme mwenyewe, tena niiseme nikiwa bado nimekasirika, kwa sababu hasira ikiisha nitaanza kujihurumia.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kwangu kufika Kitale mjini tu ni safari, Bungoma ni ng'ambo kabisa. Nafuga kuku wa mayai, na nikimaliza kuwalisha napiga msasa vyuma vyangu vya vita vya wazungu: kofia, visu, vifungo vya mikanda, na juu ya vyote bastola moja ya afisa wa zamani, iliyofukuliwa kwenye shamba lililokuwa la setla wa kizungu, imeliwa na kutu mpaka kifyatulio hakisongi. Rafiki yangu Makokha ndiye aliyenijaza upepo. "Bana, hiyo si chuma, hiyo ni ploti umeshika mkononi! Kaa nayo, bei inapanda tu. Kuna mzee huko Chwele ananunua." Kwamba sheria haijali kutu nililijua, nikajifanya silijui. Mke wangu Nasimiyu hakujifanya. Aliniambia nichague kati yake na hicho chuma, mimi mjinga nikacheka, yeye akafunga nguo zake akarudi kwao Bungoma, hapo hapo karibu na Chwele.

Nyumba bila Nasimiyu ilinishinda upesi. Nikaamua kumfuata, na hapo ndipo uvivu wangu ukaniponza: badala ya kwenda Bungoma mara mbili, nikaona safari moja itoshe, nimwombe mke msamaha, nikitoka hapo nipitie kwa yule mzee niuze bastola, mambo mawili kwa vumbi moja. Nikaifunga kwa fulana kuukuu, nikaisukuma chini kabisa ya mfuko wa zawadi (polisi wa barabarani wasije wakaniuliza), juu yake sukari, majani ya chai na mikate. Mfuko mmoja! Hata kuku wangu wangebeba miwili.

Nilipofika mlangoni, shemeji yangu Nafula, mdogo wake Nasimiyu, akaushika mfuko apeleke jikoni, kama desturi. Nami nikaushikilia.

"Acha, shemeji, ni mzito."

"Aa, kwani umeretea mama sukari ama unaenda nayo?" Akavuta, nikavuta. Wazee sebuleni wakaanza kunitazama.

"Huyu mkwe mbona mchoyo hivi?" akauliza baba mkwe.

Nikaachia. Sasa nyinyi mnaojua mila za Kibukusu mnanielewa: mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, na jikoni kwake hakanyagi hata nyumba ikiungua. Bastola imeingia mahali pekee duniani ambapo siwezi kuifuata! Nikaketi, jasho linatiririka, wazee wanauliza nilichokuja kusema, nami naanza kwa sauti ya kondoo, "Wazee wangu, mimi nimekuja kwa amani..."

"Woooi! Punduki! Iko na lisasi!"

Mama mkwe akaingia sebuleni mbio, kitambaa kimemdondoka kichwani, fulana yangu mkono huu, bastola mkono ule, akasimama mbele yangu ana kwa ana. Wazee wakalala chini. Mimi nilichoona si bastola, ni uso wa mama mkwe, ambao sikutakiwa kuuona, kwa hiyo nikajifunika koti kichwani nikatoka mbio bila kuona ninakokwenda. Ni heshima ile, jamani! Lakini nani ataelewa heshima ya mtu aliyeleta bastola halafu anakimbia amejifunika uso?

"Amekuja kumchukua na punduki! Mshikeni!" mama mkwe akapiga mayowe nyuma yangu.

Nikajikwaa kwa ndama, nikaanguka kifudifudi kwenye samadi mbichi. Vijana wa jirani walishafika na fimbo, ya kwanza ikanikuta mgongoni. Sikumsikia Mungu, nilimsikia Nasimiyu.

"Msimpige! Huyo hata kuchinja kuku huniita mimi! Amwue nani?"

Fimbo zikasimama, kikaanza kicheko. Kusema kweli, kicheko kiliuma kuliko fimbo.

Bastola ilipelekwa kituoni juu ya ungo, hakuna aliyetaka kuigusa, nami nikafuata nyuma nikinuka. Askari aliigeuza, akaniangalia, akauliza, "Mzee, jambazi gani anaficha silaha kwenye sukari ya mama mkwe?" Aliyeniwekea dhamana nikatoka ni baba mkwe mwenyewe, na hakunitazama hata mara moja. Kesi bado ipo.

Nasimiyu alinisindikiza mpaka barabarani. "Toa vyuma vyote nyumbani. Kisha lete wazee na kondoo, mama atakaswe kwa kuonana nawe uso kwa uso. Halafu tuongee. Sijasema nitarudi, nimesema tuongee."

Vyuma nimetoa vyote, na naapa sitaokota tena hata msumari. Makokha alinipigia kuuliza kama nilipata bei nzuri; nilimjibu maneno yasiyoandikika. Wazee nimetuma na kondoo, wakarudi na kondoo yule yule. Mama mkwe amesema hajamaliza kukasirika. Mwambieni hata mimi sijamaliza, na afadhali yeye, kwa sababu mtu aliyemkosea yuko mbali Kitale. Aliyenikosea mimi naamka naye kila asubuhi, namnyoa ndevu, kisha namkaangia yai.