Kibla ya Banda la Ndege

Nimezaliwa Mtambile na nimekulia Mtambile, na katika umri wangu wote sikuwahi kukikosa kisiwa cha Pemba mpaka siku ile nilipokitafuta kupitia kioo cha ndege nisikione. Tulikuwa tunarudi kutoka Unguja. Mimi nilikaa mbele, kulia kwa rubani, na nyuma yetu walikuwapo abiria wanne na maboksi ya dawa za hospitali. Tulipita ndani ya mvua nzito muda wa dakika kumi na kitu. Mvua ilipotuachia, chini yetu kulikuwa na maji matupu, mbele yetu maji matupu, na pale ambapo kwa saa na kwa hesabu ilitakiwa tuone minazi na mikarafuu, hapakuwa na kitu.

"Mzee," rubani aliniambia kwa sauti ndogo, abiria wasisikie, "Pemba iko wapi?"

Mimi ni fundi wa vyombo vya ndege. Zile saa zilizopangwa mbele ya rubani, ya kimo, ya mwendo, ya mwelekeo, na dira yenyewe inayokaa juu karibu na kioo, ndizo zilizonilisha na kunisomeshea watoto. Kuulizwa Pemba iko wapi, tena na binti wa Moshi ambaye hata mchuzi wetu wa urojo hajauzoea, kulinikausha mate. Tableti yake, ambayo marubani wa siku hizi huiamini kuliko mama zao, ilikuwa imezimika kwa joto mara tu baada ya kuruka. Tulibaki na dira yangu, na dira yangu ilisema tuko sawa kabisa.

Yule binti aliitazama dira, akaitazama bahari, kisha akakata kulia bila kuniomba ushauri. Baada ya dakika chache kikatokea kistari cha kijani, halafu miti, halafu mapaa ya Wambaa. Tulikuwa tumekwenda magharibi mno, na lau tungeendelea kuifuata dira, kisiwa kizima kingepita upande wa pili wa mawingu na sisi tukaishia kuchomea mafuta baharini. Tulipotua, abiria mmoja alinishukuru kwa safari nzuri.

Sasa lazima niseme jambo ambalo sipendi kulisema. Haikuwa mara ya kwanza kwa rubani yule kulalamika. Mara mbili kabla ya hapo alinijia bandani akaniambia dira na tableti havipatani. Mara zote mbili nilimcheka. "Kusi hilo, kapteni," nilimwambia. "Pua ya ndege inatazama huku, upepo unakusukuma kule. Hayo si mambo ya kuilaumu dira." Nilisema kwa kinywa kipana, mbele ya watu, kama mwalimu anayemsahihisha mtoto wa darasa la pili. Ni kweli kwamba upepo huisukuma ndege. Ndiyo maana maneno yangu yalimnyamazisha.

Asubuhi ya pili tuliisukuma ndege hadi kwenye alama zetu. Kwa asiyejua: dira ya ndege hupimwa nje, mbali na chuma, juu ya alama za rangi zinazoonyesha kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Unaigeuza ndege upande mmoja baada ya mwingine na kusoma dira inasema nini. Tuliigeuza pande zote nne, mimi nikiwa ndani na fundi mwenzangu akiwa chini. Dira haikukosea hata uzi mmoja wa pembe. Nikaandika kwenye kitabu: dira ni nzima. Nikaweka saini.

Tajiri wetu, mwenye ndege, mtu wa Jadida kule Wete, hana maneno mengi. Alitukusanya watatu, mimi, mwenzangu na rubani, akasema, "Vyombo hivi vimezeeka, hilo najua. Ndege inaingia kwenye ukaguzi mkubwa wa wiki tatu. Baada ya hapo fundi aniambie: vitengenezwe au ninunue vipya. Lakini kama fundi atasema dira ni nzima, basi aliyepotea ni rubani, na huyu dada hatoshika tena ndege yangu."

Rubani alinitazama mimi. Nami, Mungu anisamehe, nilikitazama kitabu changu chenye saini.

Wiki tatu zile tulibishana mimi na mwenzangu. Yeye ni mtu wa Mwanza, Mkristo, hodari wa kazi, na ameshakaa Pemba kiasi cha kuoa na kupata wajukuu. Yeye alitaka tung'oe kila kitu tutie kioo kimoja cha kisasa kinachoonyesha yote. Mimi ni mtu wa kutengeneza. Nikisikia neno "badilisha" nahisi nimetukanwa. Nilifungua saa ya mwelekeo, nikaisafisha, nikabadilisha beringi za kile kigurudumu kinachozunguka ndani yake, ikawa inakwenda kimya kama paka. Kwa dira sikuwa na la kufanya, maana nzima haitengenezwi. Nikaandika barua kwa tajiri: hakuna haja ya kununua, na dira haina kasoro. Nilijua barua ile inamfukuza nani. Nilijiambia kwamba ukweli ni ukweli.

Siku niliyokusudia kuipeleka barua, niliona rangi ya alama zetu kule nje imefifia. Nikamwambia mwenzangu tuzipake upya kabla ndege haijatoka.

"Lete vile vipimo vyako vya mwanzo," nilimwambia. "Ulivitoa wapi?"

Alama za zamani zilifukiwa siku lami ilipowekwa upya, na wakati huo mimi nilikuwa nimekwenda umra. Niliporudi nilikuta mwenzangu ameshachora nyingine, safi, zimenyooka. Nikamsifu na sikuuliza kitu.

"Vipimo gani, Mzee?" alisema. "Nilivuta uzi kutoka kwenye kibla."

"Kibla gani?"

"Kibla yenu hii hapa ya bandani. Si nyinyi wenyewe mliniambia kwamba ukiwa Pemba kibla ndiyo kaskazini hasa, haipindi? Nikasema Wapemba hawachezi na kibla, nitapata wapi kaskazini ya uhakika kuliko hiyo? Nikafunga uzi kwenye ule mstari, nikauvuta mpaka nje."

Alichosema ni kweli. Makka iko kaskazini yetu, karibu wima kabisa, na kila mtoto wa chuo cha Kurani Pemba anajua. Kwenye pembe ya banda upo mstari mwekundu wa rangi ambao sisi tunaofanya kazi pale hutandika misala yetu kuufuata. Alikuwa na haki ya kuuamini. Isipokuwa hakujua nani aliuchora na aliuchora vipi.

Niliuchora mimi. Banda lilikuwa jipya, adhuhuri imefika, wenzangu wameshatia udhu na wanabishana kibla iko upande gani. Mimi kijana mwenye cheti kipya nilijitia ujuzi. Nilipanda kwenye ndege hiihii, nikawaambia waigeuze mulemule ndani ya banda mpaka dira isome kaskazini, nikashuka na kopo la rangi nikapiga mstari sambamba na magurudumu. Ndani ya banda! Kati ya nguzo za chuma, chini ya paa la chuma, kando ya kabati la chuma lililojaa spana! Kitu cha kwanza unachofundishwa katika kazi hii ni kwamba dira karibu na chuma husema uongo. Nilijua. Lakini nilijiambia, hii ni ya kusalia tu.

Mwenzangu aliniuliza kama sukari imeshuka. Nikamwambia alete dira ya mkononi, tukatoka, tukaenda mpaka kwenye majani mbali na kila chuma, hata simu na funguo nikaziacha bandani. Alama zetu zilikuwa zimepinda kuelekea magharibi. Tukapima tena. Nyuzi kumi na mbili. Mwenzangu alishika kichwa. Alivuta uzi mmoja, tukapoteza nyuzi kumi na mbili, na kwa kila mwaka uliopita tuliichukua dira iliyokuwa inasema kweli, tukaizungusha kwenye kikalio chake mpaka ikasema uongo tunaoutaka, kisha tukakaza skrubu.

Halafu nikakumbuka jambo jingine. Kwenye rafu ya vitu vibovu ilikuwapo dira niliyoing'oa miaka michache nyuma. Hiyo ilikuwa haikubali kabisa kufuata alama, kikalio chake kiligota na nyuzi kadhaa zikabaki bila kusahihishwa, nikaitangaza imekufa na kuweka hii iliyopo. Nilikwenda nikaishusha, nikaipangusa vumbi, nikaipeleka kule kwenye majani. Ikacheza kidogo, ikatulia, ikaonyesha kaskazini ileile ya dira ya mkononi. Nilikuwa nimebadilisha nzima kwa sababu ilikataa kunitii. Nilikaa chini pale pale kwenye majani, mtu mzima na mvi zangu, nikasema "Subhanallah" mara sijui ngapi.

Mlinzi wetu, mzee ambaye ndiye anayetusalisha, alikuja kuona nimepatwa na nini. Nikamweleza yote. Nilidhani atapiga kelele. Miaka yote ile amesimama mbele yetu akitazama pembeni kwa sababu ya kopo langu la rangi.

"Sala zetu ziache," alisema. "Sie tulikusudia kibla, na Mola ajua tulichokusudia. Wala hatukujua." Akaitazama ndege. "Yule ntoto wa watu ushanwambia?"

"Bado."

"Yakhe, sasa wakaa hapa wafanya nini?"

Nilichana barua. Nikamwambia mwenzangu mtu yeyote asiiguse ndege, nikachukua dira ile ya rafuni nikaifunga kwenye taulo, nikaondoka na pikipiki yangu kwenda Wete. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilitaka kuanza na lami, na uzi, na mimi kuwa umra, mpaka kosa liwe limegawanywa kwa watu wengi na langu libaki dogo la kustahamilika. Nilipofika Jadida nilikuwa nimeyaona maneno hayo yalivyo, nikaona aibu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Nilimkuta tajiri barazani kwake, na rubani amekaa mbele yake. Juu ya meza palikuwa na karatasi moja imeandikwa kwa mkono. Tajiri alinikaribisha chai. Nikakataa, jambo ambalo mtu hafanyi katika nyumba ile.

"Umekuja vizuri, fundi," alisema tajiri. "Dada kashayamaliza mwenyewe. Kaandika kwamba aliisoma dira vibaya, na kazi anaiacha. Basi niambie, vyombo tutengeneze au tununue?"

"Wala usitengeneze wala usinunue," nilisema. "Ungenunua kioo cha dunia nzima tungekipinda vilevile. Kibovu ni mstari wangu."

Nikaeleza. Nilieleza nimesimama, taulo mkononi, nami sikumtaja mtu isipokuwa mimi. Nilisema aliyechora ni mimi, aliyejua kwamba chuma hupotosha dira ni mimi, aliyeona alama mpya asiulize ni mimi, na aliyeandika kwamba dira ni nzima ni mimi. Nikasema leseni yangu ipelekwe kwa wenyewe, mamlaka ya usafiri wa anga, wakaamue.

Rubani alikuwa bado ameinamisha kichwa. Ndipo nilipoona kwamba amevaa miwani. Sikuwahi kumuona na miwani.

"Kwa hiyo siku ile niliona sawa?" aliuliza.

"Uliona sawa. Na zile siku mbili ulizonijia bandani, uliona sawa."

"Haikuwa kusi?"

"Haikuwa kusi, mwanangu."

Kisha akasema, kwa ile sauti ndogo aliyoniulizia Pemba iko wapi, "Nilikwenda kwa daktari wa macho, Mzee. Nilikwenda mara mbili. Akaniambia macho yangu hayana kitu, nisinunue hata miwani. Sikumwamini. Nikajinunulia hii dukani, nikawa naivaa nyumbani najizoeza kusoma namba." Akaigusa miwani. "Daktari sikumwamini. Nilikuamini wewe."

Akaivua, akaikunja, akaiweka juu ya ile karatasi yake, akanitazama. Nikalifungua taulo, nikaiweka ile dira nzima kando ya miwani yake.